Mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana 25 Mafinga: siku tatu zitumikeje?

Mdau wa Mufindi

Kamwene wakuu. Kikundi chetu hapa Mafinga kimepata fungu dogo la kufundisha vijana 25 waanze biashara, wengi ni mabinti waliomaliza kidato cha nne. Mpango uliopo mezani ni semina ya siku tatu mfululizo ukumbini, mwezi wa kumi na moja. Siku ya kwanza sabuni, ya pili siagi ya karanga, ya tatu mbinu za biashara na kugawa vyeti. Mkufunzi anatoka Dar. Semina za namna hii zimeshapita nyingi, na baada ya miezi mitatu huoni bidhaa hata moja sokoni. Wenye ujuzi naomba mniambie kinachoharibika ni nini hasa, na fungu hilohilo lipangweje.

Gulio

Kamwene ndugu. Anza na kalenda. Novemba mvua zinaanza, kila mtu yuko shambani anapanda mahindi, na hela iliyopo inakwenda kwenye mbegu na mbolea. Hata atakayejifunza vizuri atakosa wa kumuuzia mpaka mavuno. Sogezeni hadi mwisho wa Mei au Juni, mazao yanapotoka na mzunguko wa fedha unarudi.

Pili, vijana 25 mkiwafundisha sabuni hiyohiyo, soko moja la Mafinga litawafanya wauziane wenyewe. Kabla ya kuchagua bidhaa, wapelekeni mjini nusu siku, wawili wawili, na daftari. Waandike kitu gani wenye maduka wanakifuata Iringa, Mbeya au Dar, kitu gani wateja wanaulizia wanakosa, na nani tayari anauza kile wanachokitamani. Mafinga ni mji wa mbao, kwa hiyo watakutana na kazi ambazo hakuna semina inazitaja: kunoa misumeno, kujaza maranda kwenye viroba na kuwapelekea wafuga kuku, kufunga mabanzi kuwa kuni za mama lishe, chakula cha moto usiku kwa madereva wa malori barabara kuu. Huyo wa maranda anahitaji viroba na mkokoteni wa kukodi tu.

Tatu, siku zenu tatu zisifuatane. Siku ya kwanza ni hesabu na matokeo ya ile ziara ya mjini. Wiki mbili wanajaribu kuuza kidogo. Siku ya pili wanarudi na daftari, mnatengeneza kilichoshindikana. Siku ya tatu iwe mwezi mmoja baadaye. Hela ya ukumbi na nauli ya Dar itoshe kumlipa msimamizi mmoja kwa kila vijana wanane, awatembelee pale wanapouzia kila wiki kwa miezi mitatu. Hapo kwenye meza ya biashara ndipo kijana anapofundishika.

Hesabu Kwanza

Naunga mkono Gulio, na niingie ndani ya hiyo siku ya hesabu, maana ndiyo semina nyingi zinaipitia juujuu. Chukua siagi ya karanga. Bei zangu ni za mfano, wekeni za kwenu.

Binti ananunua karanga kilo 10, kila kilo shilingi 4,000, jumla 40,000. Anagawanya kwa kopo la gramu 400, anapata makopo 25. Karanga 1,600 kwa kopo, kopo tupu 600, jumla 2,200. Mwenye duka anachukua kwa 3,500. Anaona faida 1,300 kila kopo na anafurahi.

Sasa mwekeni mizani mbele yake. Akishachambua mbovu, akakaanga, akamenya maganda, kilo 10 zinabaki kama 8.5. Hayo ni makopo 21, siyo 25. Ongeza gharama ya makopo matupu 12,600, lebo za 200 kila moja 4,200, kusaga 4,000, mkaa 3,000, nauli 4,000. Pamoja na karanga ni 67,800, yaani karibu 3,230 kwa kopo. Akiuza yote 21 kwa 3,500 anapata 73,500. Kinachobaki ni 5,700 kwa kazi ya siku mbili, na akikopesha makopo mawili yasilipwe, amefanya kazi bure. Hakuibiwa na mtu, mtaji umeishia kwenye maganda na nauli.

Akiiona hesabu hii kwa mikono yake ataanza kuuliza maswali ya maana: anunue karanga wakati wa mavuno, agize makopo kwa jumla na wenzake, au awapimie majirani wanaokuja na chombo chao ili gharama ya kopo na lebo iondoke.

Jambo moja la afya lisirukwe. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe kabla ya kukaanga. Moto wa kawaida hauondoi sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) yote, na ukizisaga ladha inafichwa na zile nzima. Wasipewe hata kuku.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nilichochukua nyumbani. Hiyo ya nne ndiyo inayookoa biashara. Bila hiyo, unga wa ugali na vocha vinalipwa na mtaji na hakuna anayejua.

Mama Tukuyu

Wanangu, kwenye sabuni angalieni sana. Mapishi yanayoletwa kutoka Dar ni ya joto la Dar, na Mafinga mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Mawese ya Kyela yakiganda, yayeyusheni yote kwanza ndipo mpime, la sivyo sabuni inatoka na mabaka yenye kostiki (caustic soda) isiyochanganyika na inachubua mikono ya mteja. Pimeni kwa mizani, siyo kwa kikombe: kilo moja ya mawese, kostiki kama gramu 135, maji gramu 330. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye kostiki, itarukia usoni. Glavu na miwani kila mtu, dirisha wazi. Na msitumie sufuria za alumini tulizonazo jikoni, kostiki inazila na kutoa gesi inayowaka. Ndoo ngumu ya plastiki inatosha. Mche wa sabuni ukikatwa ukae wiki nne ndipo uuzwe.

Baridi hiyohiyo inachelewesha unga wa maandazi kuumuka. Watumie maji ya uvuguvugu na waangalie unga umeongezeka mara mbili, wasiangalie saa.

Mdau wa Mufindi

Shikamoo mama, asante sana. Asanteni wote. Vijana wanauliza mikopo ya halmashauri. Tuwaunganishe vikundi siku ya kwanza?

Gulio

Hapana, subirini. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi kinaanzia watu watano, na hapo ndipo shida inapoingia: watano wanakutana kwa ajili ya fomu, hela ikitoka wanagawana, marejesho yanamwangukia mmoja. Waacheni kwanza waweke akiba pamoja kila wiki kwa miezi mitatu, hata 2,000 kila mtu. Atakayeshindwa kuleta 2,000 atashindwa na rejesho pia, na wenzake watakuwa wamemjua mapema. Baada ya hapo ndipo katiba, usajili kwa afisa maendeleo ya jamii na akaunti ya benki.

Wa vyakula wapitie SIDO kwanza, lile shirika la serikali la viwanda vidogo. Mjasiriamali mdogo anapata huko barua ya utambulisho ya kwenda TBS (Shirika la Viwango), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vyakula. Wasichapishe lebo elfu moja kabla ya hapo, kwa sababu zikikosa kiambato au tarehe ya mwisho wa matumizi zitarudiwa zote.

Hesabu Kwanza

Na posho ya kukaa msitoe, italeta watu wa posho. Hela hiyo nunueni mizani ndogo za jikoni, na kila atakayerudi siku ya tatu na daftari lililojazwa wiki zote aondoke na yake. Kwa wale wa maranda na misumeno badilisheni, iwe viroba au tupa ya kunolea.