Zulia la Mama na boti ya Loiyangalani

Kikundi: NYUMBA YA MZEE ATHMANI 🏠

Jumanne

Faraj 20:04
Assalaam alaykum nyote. Boti imemalizika. Fundi Kombo ameitoa kwenye kalibu juzi na leo ameing'arisha, futi 19. Alhamisi alfajiri mimi na Bakari twaivuta kwa trela mpaka Loiyangalani inshallah. Twaomba dua zenu.

Mama Zuhura 20:06
Maashallah. Mola awafikishe salama.

Tima (Nairobi) 20:09
Loiyangalani ile ya Ziwa Turkana? Kaka, huko si mawe matupu?

Faraj 20:11
Siku hizi lami yafika Laisamis na kupita. Hapo ndipo twaiacha, twashika changarawe kilomita 208 hadi kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Ile barabara ilitengenezwa kupitisha mitambo 365 iliyoshuka hapa hapa bandarini kwetu Mombasa. Kama hiyo ilipita, boti haipiti?

Ami Salim 20:15
Hiyo njia naijua kabla haijachongwa. Mbele ya boti umeweka nini?

Faraj 20:16
Winchi, mnyororo na kamba nne. Haitikisiki Ami.

Ami Salim 20:16
Sijauliza kutikisika. Nauliza mawe.

Faraj 20:18
Tutakaa mbali na magari ya mbele, kokoto zao zisitufikie.

Ami Salim 20:21
🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Bakari 20:22
Niko kwa karandinga la matatu, sisikii kitu. Nani atuandikie

Tima (Nairobi) 20:27
Haya, Ami asema hivi: jiwe la kuogopa silo la gari la mbele, ni la tairi zako mwenyewe za nyuma. Boti iko mita mbili tatu nyuma ya bampa yako, na omo, yaani pua ya boti, imeelekea palepale tairi linaporushia. Gari la mbele waweza kulikimbia, lako huwezi. Ni mchana kutwa unajipiga mawe mwenyewe.
Halafu amecheka sana mwishoni.

Bakari 20:29
Basi kesho nachomelea bati mbele ya trela. Bati zima, juu mpaka chini. Kwisha

Ami Salim 20:30
Usithubutu!!

Ami Salim 20:36
Nikwambie Bakari. Niliwahi kuvuta trela la tangi la maji kutoka Isiolo, nimeweka bati kama hilo unalosema. Zama zile njia ile ilikuwa ya kwenda kwa msafara kwa sababu ya majambazi. Nikasikia PAA! Nikajua risasi. Nikakanyaga mafuta, turniboi wangu amelala sakafuni ashahadia. Tumekwenda mwendo mzima ndipo nikageuka nikaona kioo cha nyuma chote kiko kitini. Jiwe lilitoka kwa tairi, likagonga bati, likarudi kunipiga mimi.

Tima (Nairobi) 20:37
😂😂😂 ashahadia!

Ami Salim 20:40
Bati humrudishia jiwe mwenyewe. Jiwe lataka kitu kilegevu, likikigusa life pale pale lianguke. Tafuta ule mpira mnene wa mkanda wa kiwandani, ule uliokwisha kazi, huuzwa kama takataka. Ning'iniza nyuma ya bampa upande mpaka upande, uache shubiri moja tu kutoka chini. Halafu chukua wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche, ukunje mara mbili, utandaze kwenye mkono wa trela. Usiusimamishe wima. Uulaze, juu umeelekea boti. Usiuvute ukawa ngoma.

Faraj 20:42
Kwa nini usiwe ngoma Ami?

Ami Salim 20:42
Ngoma hujibu.

Fundi Kombo (jirani) 20:50
Jamani salaam. Nimeona boti yangu yatajwa. Hilo la mpira na wavu namuunga mkono Mzee Salim, lakini omo nayo ivishwe. Sasa nisikilizeni vizuri maana watu huharibu hapa. Faraj ukinifungia turubai likipigapiga na upepo mpaka Turkana, litaniondolea mng'aro kuliko hayo mawe. Vumbi likiingia kati ya turubai na boti ni msasa. Kwanza osha, kausha. Weka kitambaa laini, shuka kuukuu. Juu yake kitu kinene cha kumeza pigo: godoro la sponji, zulia, hata tyubu za lori zilizopasuliwa. Ndipo turubai, ubane kwa kamba kila mkono mmoja mpaka lisipumue.

Fundi Kombo (jirani) 20:52
Na kifike CHINI. Mawe hayashuki kutoka mbinguni, yatoka chini. Nimeona mtu kavika juu vizuri kama bibi harusi, mkuku, ule uti wa chini ya boti, uko uchi.

Faraj 20:53
😂 Nimeelewa Fundi.

Fundi Kombo (jirani) 20:55
Jambo la pili. Madigadi, vile vifuniko vya juu ya tairi za hilo trela lako, ni bati jembamba na ni mafupi. Tairi za trela nazo zitarusha juu, kwenye tumbo la boti. Yaongezee mpira kwa ndani na nyuma.

Faraj 20:55
👍🏾

Tima (Nairobi) 20:58
Kwani haiwezi kupakiwa kwa lori tu, yaishe?

Faraj 21:01
Canter ni fupi, ingetokeza nyuma sana. Na lori kubwa, kule nani ataishusha? Trela unarudi nalo kinyumenyume mpaka majini, boti yaelea yenyewe. Isitoshe lile trela labaki huko. Upepo wa Turkana huvuma usiku mpaka asubuhi, boti lazima ipandishwe nchi kavu.

Mama Zuhura 21:03
Na hilo godoro mtalipata wapi?

Mama Zuhura 21:15
Faraj

Jumatano

Bakari 17:40
📷 Picha
Mpira umepatikana Changamwe. Mzito ajabu, tumetoboa tundu sita, tukaubana kwa bolti na washa kubwa. Nyaya za taa za trela tumezipitisha ndani ya mpira wa kumwagilia maji. Mashine ya boti hatuiachi nyuma yake, italala ndani ya gari juu ya tairi kuukuu

Ami Salim 17:44
Hapo umefanya akili. Na madigadi?

Bakari 17:51
Mpira ulituishia Ami. Tutaangalia njiani

Fundi Kombo (jirani) 17:52
🙄

Mama Zuhura 19:20
Nani amechukua zulia la chumba cha wageni?

Mama Zuhura 19:21
Na shuka mbili kwenye kamba.

Tima (Nairobi) 19:25
Mimi niko Nairobi jamani 🙋🏾‍♀️

Alhamisi

Faraj 09:48
📷 Picha
Mtito Andei, twanywa chai. Kila tukisimama nashika kombe la tairi za trela kwa mkono. Lina joto lakini halichomi, beringi ziko salama alhamdulillah.

Mama Zuhura 09:50
Hiyo rangi nyekundu naiona chini ya turubai ni nini?

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Zuhura 09:52
Umefuta nini Faraj?

Ijumaa

Faraj 14:10
Tumeswali Isiolo. Tumenunua spea moja zaidi ya trela. Ami, upepo wa tairi tupunguze hapa au Laisamis?

Ami Salim 14:13
Laisamis, mkiiacha lami. Ukipunguza ukiwa bado kwenye lami, tairi lapata moto. Toa upepo kutoka psi 40 mpaka kama 28, gari na trela vyote. Tairi laini hulimeza jiwe, gumu hulitema. Na mwendo usipite kilomita 40 kwa saa hata njia ikikuchekea. Lori likija mbele, kaa pembeni, simama kabisa, lipite na vumbi lake.

Bakari 14:15
40 kwa saa?? Tutafika Ramadhani

Ami Salim 14:15
Fika Ramadhani na boti.

Jumamosi

Faraj 07:02
Twaiacha lami. Mtandao waisha hapa. Bismillah.

Tima (Nairobi) 15:30
Kuna aliyempata Faraj? Simu haiendi

Mama Zuhura 15:31
Tangu saa nne nampigia.

Ami Salim 15:40
Mtulie. Kati ya Laisamis na South Horr simu ni ya kuangalia saa tu.

Mama Zuhura 22:17
Bado?

Ami Salim 22:19
Bado shemeji. Kalaleni.

Jumapili

Faraj 11:26
Assalaam alaykum!! Tumefika Loiyangalani alhamdulillah. Jana tulilala njiani, tairi mbili. Kipande cha mwisho baada ya mitambo ya upepo ndicho kigumu, mawe meusi kama vichwa vya watu, tulikwenda mwendo wa ng'ombe.

Mama Zuhura 11:26
Alhamdulillah 🤲🏾🤲🏾🤲🏾

Faraj 11:31
📷 Picha
📷 Picha
Ami angalia wavu. Matundu 14 nimeyahesabu. Mpira una makovu lakini u mzima. Ndani ya turubai tumekuta kokoto zimejizika kwenye sponji kama zabibu kwenye mkate. Tumefunua omo: haina hata mkwaruzo! Na kioo cha nyuma kizima.

Ami Salim 11:33
Sasa zunguka ubavuni, juu ya tairi za trela. Piga picha.

Faraj 11:45
📷 Picha
Kushoto pana kidonda. Ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi.

Fundi Kombo (jirani) 11:46
Nilisema.

Bakari 11:46
Nisameheni. Digadi lenyewe lilikatika baada ya South Horr, tukalibeba ndani

Fundi Kombo (jirani) 11:49
Kuza picha. Zile nyuzi za faiba zaonekana, au ni weupe tu?

Faraj 11:50
Nyuzi zaonekana.

Fundi Kombo (jirani) 11:54
Basi USIITIE majini. Ile ngozi ngumu ya juu ndiyo izuiayo maji. Nyuzi zikiwa wazi zanyonya maji kama utambi wa kandili, yaenda ndani usikoona. Anika jua la kutwa, pale jua si tatizo. Piga msasa uzunguke kidonda, futa vumbi, kisha kuna mkebe mdogo mwekundu nimeuweka kwenye sanduku la spana, na kichupa cha dawa ya kukaushia. Changanya kidogo kidogo, kwa joto hilo itakugandia mkononi. Jaza ipite usawa kidogo, kesho yake usugue.

Faraj 11:58
Kumbe ulituwekea mkebe!

Fundi Kombo (jirani) 11:58
Niliwaona.

Faraj 12:03
Hata hivyo wazee wa hapa wasema leo haingiliki, mawimbi meupe mpaka ufuoni. Tutaitia keshokutwa inshallah.

Mama Zuhura 12:10
Nimefurahi mmefika. Sasa nionyeshe zulia.

Faraj 12:24
📷 Picha

Tima (Nairobi) 12:24
Yallah 🙈

Mama Zuhura 12:29
Hilo baba yenu aliniletea Dubai mwaka 1998. Halijamwagikiwa hata chai.

Faraj 12:30
Mama nisamehe. Ndilo lililookoa omo wallahi. Twaweza kulitupa huku tukununulie jipya?

Mama Zuhura 12:31
Lirudishe hivyo hivyo. Na samaki.