Gari la mashindano la kukodi limenoki mikononi mwangu, mwenye gari anataka milioni 14. Hii ni haki?

Wakuu habari za usiku. Wale wa "ulikodi mwenyewe, vumilia" naomba mpite kimya kimya, leo sina hizo nguvu.

Nilikodi Subaru Impreza N10 ya mashindano hapa Arusha kwa mbio za wikiendi moja. Milioni 4 ya kukodi, milioni 2 ya dhamana, mafuta na matairi juu yangu. Fundi anakuja na gari, ni wa mwenye gari. Mkataba wetu wote ni sauti ya WhatsApp ya sekunde 19: "Kaka, we endesha kwa raha zako, ukivunja unatengeneza." Basi. Tangu Jumapili nimeisikiliza mpaka mke wangu kaikariri.

Hatua ya tatu ya mbio (kipande cha barabara kinachopimwa muda), kama kilomita 11 ndani, natoka kwenye kona ndefu ya kulia, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Msoma ramani wangu aliiona kabla yangu, akaacha kunisomea noti za kona katikati ya sentensi. Nikazima injini palepale gari likiwa bado linatembea, likajisimamia lenyewe kwenye nyasi. Tulipovutwa hadi sehemu ya sevisi fundi akaiwasha mara moja tu: ko-ko-ko-ko kutoka chini. Aliyewahi kumiliki Subaru mlio huo anaujua, tumbo linakata kabla hujaambiwa. Beringi ya konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni ndani ya injini, imekwenda.

Sikugonga kitu. Sikupinduka. Sikuingia mtaroni. Narudia kwa sababu kuna mtu ataruka huko chini kuuliza.

Jumatatu asubuhi naletewa picha ya karatasi ya daftari: injini ya chini nzima, tabo, pampu ya oili, gasketi, ufundi, na mwishoni kabisa, hii ndiyo iliyonichefua, bampa la mbele na taa ya kushoto. Taa ya kushoto ilikuwa imeshikiliwa na selotepu nyeusi tangu siku nalichukua! Ushahidi ninao kwa bahati tu, msoma ramani wangu hapendi gari limpite bila kujipiga selfi mbele yake. Vinginevyo na hiyo ningebambikiwa.

Hoja yake kwenye injini ni kwamba nimeshusha gia vibaya, eti nilitoka ya nne nikaingiza ya pili, resi (kasi ya injini kuzunguka) ikapita kiasi. Kwa wasioelewa: ukikanyaga mafuta kupita kiasi, kompyuta ya injini inakata na hakuna kinachoharibika. Lakini ukiwa kasi halafu ukachomeka gia ndogo, hapo matairi ndiyo yanaizungusha injini, kompyuta inabaki mtazamaji. Kwa hiyo hoja yake siyo ya kijinga. Ningekuwa nimefanya hivyo ningelipa huku nalia, lakini ningelipa.

Sasa kompyuta ya gari lile siyo ya kiwandani, ni ya kufungwa, na inatunza kumbukumbu. Resi iliyofikiwa na presha ya oili, vyote vimo. Nikamwambia chomeka laptop tuangalie wote wawili, kama resi ilipita mizunguko 9,000 kwa dakika mimi ni mdeni wako. Jibu: laptop ipo kwa mtaalamu wake Nairobi. Tangu lini? Hajibu. Bluu tiki mbili.

Halafu njooni kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kabla gari halijapakiwa, rafiki yangu mmoja fundi aliichomoa mbele ya watu. Kavu. Kilichoshika ni ncha tu, cheusi kama lami. Tukaimwaga oili kwenye ndoo, ikatoka lita mbili na kidogo, na ukiielekeza kwenye jua unaona chembe zinameta kama mtu kamwagia poda ya shaba. Injini ile inabeba lita nne na ushee. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) haina tobo, ngao ya chini haina hata alama ya jiwe la maana, hakuna tone lililovuja. Hizo lita mbili nilizinywa mimi? Oili ikipungua, kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi inabaki kavu. Dakika haiishi.

Na hapa mnipige mawe kidogo: mimi mwenyewe sikuichomoa ile dipstiki asubuhi. Fundi wake alinambia "iko safi bosi" nami nikavaa helmeti. Hilo kosa ni langu, nimelikubali hata mbele yake.

Ila sasa "ukivunja" maana yake nini? Nikipasua rimu, nikipinda shoki, nikiangusha gari kwenye korongo, nimevunja, hakuna ubishi. Lakini injini ya mtu iliyochoka, hana hata daftari la kuonyesha ilifunguliwa lini mara ya mwisho, ikija kufia zamu yangu nimnunulie mpya? Yaani kila aliyeikodi kabla yangu alikula kipande chake akaondoka, mimi niliyekuta mfupa ndiye nalipa ng'ombe mzima. Tena yeye anatoka na injini bora kuliko aliyonipa!

Mwaka jana niliona jamaa wawili wanaochangia gari moja, mmoja anakimbia asubuhi, mwenzake mchana. Klachi ikaungua mchana. Wa mchana akalipa yote. Nikacheka. Sasa silali.

Na msiniambie bima. Bima kubwa za kawaida zina kifungu kinachotoa mashindano nje, gari likishaanza kushindana uko peke yako na Mungu wako. Binamu yangu yuko Ujerumani, aliwahi kukodi gari la kuzunguka Nürburgring, ule mzunguko wa kilomita 20.8. Anasema kabla hajapewa ufunguo alisaini karatasi yenye kiwango cha juu atakacholipa akiligonga, na kwamba akigonga vyuma vya pembeni ya barabara navyo ni bili yake. Ni kali, lakini aliijua namba akiwa bado amesimama. Mimi namba yangu nimeijua Jumatatu.

Ninachotaka kwenu: aliyewahi kuwa upande wa mwenye gari aniambie kwa uaminifu, angedai injini nzima? Na pili, kuna mtu Arusha au Moshi mwenye laptop na waya anayeweza kusoma hizi kompyuta za kufunga? Tunakutana gereji Jumamosi saa nne asubuhi. Nalipa nauli, nalipa chakula, njoo PM.

NIMEONGEZA saa 4:40 usiku: Amepiga sasa hivi. Anasema anapunguza hadi milioni 11 nikilipa ndani ya wiki hii, kwa sharti kwamba kompyuta isiguswe.