Raifo ya .22 inabana maganda, nimehangaika wiki nzima (Urambo, Tabora)

Mwana_Urambo: Wakuu, habari za jioni. Nina raifo ya .22, semi-otomatiki, magazini ya risasi 10, leseni ninayo. Tangu Jumamosi inanitesa. Nilikuwa nalenga kopo kwenye kichuguu nyuma ya mabani ya tumbaku. Risasi inalia vizuri, lakini ganda halitoki lote: bolti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kutoa ganda) inalibana pale dirishani, kwenye tundu la kutokea maganda, limesimama wima, mdomo unafuka moshi. Mara nyingine bolti inarudi mbele bila kubeba risasi. Katika risasi 30 imekwama mara 11. Nimepaka mafuta ya kutosha, fundi mwenye kibali amenibadilishia springi ya magazini, hali ni ileile. Niliachiwa na baba mdogo, kwake haikuwahi kugoma. Roho inaniuma.

Fundi_Mwanga_Kigoma: Pole mkuu. Kwanza toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa) na uingize kidole kidogo. Usiruke hapo.
Sasa soma ubavu wa boksi la risasi, zinakwenda kasi gani? Bolti ya .22 ya semi-otomatiki kama yako haina kitasa, inashikiliwa na uzito wake na springi tu, na ganda lenyewe ndilo linaloisukuma nyuma. Risasi ikiwa dhaifu, bolti hairudi hadi mwisho. Inalibana ganda kabla halijaruka, au haifiki nyuma ya risasi inayofuata. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, anza na risasi, springi iache.

Babu_Ujiji: Na hayo mafuta mjukuu wangu yafute. Kiangazi hiki vumbi la huko kwenu likikutana na mafuta linakuwa uji. Acha utando mwembamba tu kwenye reli za bolti. Halafu unapojaza magazini, ukingo wa kitako cha risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma zinashikana, haipandi hata moja.

Mwana_Urambo: Shikamoo babu, asante fundi. Boksi limeandikwa mita 320 kwa sekunde, kumbe ni zile dhaifu! Nilizichagua kwa sababu hazina kelele nyingi, jirani ana mizinga ya nyuki karibu na pale.
Leo nimefungua yote. Nimesugua chemba kwa brashi ya shaba, kitambaa kikatoka na nta nyeusi iliyoganda kama masizi ya sufuria. Chini ya ndoana inayovuta ganda nimechokonoa uchafu kwa njiti ya mswaki. Nimekausha mafuta. Kisha nimepiga risasi 40 za mita 380, mbali na mizinga. Imekwama mara moja tu, na ile magazini niliijaza kwa haraka, kingo zilishikana kama babu alivyosema.

Fundi_Mwanga_Kigoma: Safi sana. Ikitokea risasi imegoma kulia, usifungue papo hapo. Elekeza mtutu kwenye kichuguu, hesabu sekunde 30, ndipo uvute bolti.

Mwana_Urambo: Nimekuelewa mkuu. Zile za 320 zimebaki 60, nitazipiga mojamoja nikivuta bolti kwa mkono.