Kadi za kupima dawa za kulevya kwenye mkojo: paneli 5, paneli 12 au kikombe?

Mizigo_Kurasini
Wakuu, habari za jioni. Kampuni yetu inataka kuanza kupima madereva dawa za kulevya. Nimeletewa bei za aina tatu (kila paneli ni mstari unaopima aina moja ya dawa): kadi ya kuchovya ya paneli 5, kadi ya kuchovya ya paneli 12, na kikombe ambacho mtu anakojolea humo humo na vipimo vimeshabandikwa ubavuni. Bosi anataka oda itoke Ijumaa. Mwenye uzoefu anisaidie, tuchukue ipi? Natanguliza shukrani.

Tingo_Mstaafu
Chukua kikombe mkuu, usihangaike. Kadi ya kuchovya inataka kopo pembeni, mkojo unamwagika mezani, anayepima anakereka na kuanza kulipua kazi. Kikombe kina kifuniko, na vingi vina kipimajoto cha karatasi ubavuni. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi unatakiwa usome kati ya nyuzi 32 na 38 ndani ya dakika nne. Mtu akija na mkojo wa mwenzake kauficha mfukoni, unamjua hapo hapo.

Mama_Maabara
Mizigo, kaka yangu, hapo bado hujatuambia kitu. Madereva ni wangapi? Nani atapima, ana taaluma ya maabara au ni afisa utumishi? Mnapima wanaoomba kazi tu, au na waliomo kwa kushtukiza? Na kubwa kuliko yote, mtu akikutwa nacho mnamfanya nini siku hiyo? Bila majibu hayo kila mmoja hapa atakutajia anachokipenda yeye. Tutajie pia hizo paneli ni zipi, maana paneli 5 za muuzaji huyu si za yule.

Dar_Lusaka
Kikombe ni kupoteza hela. Vipimo vya ndani ni vile vile vya kwenye kadi, unalipia plastiki. Kopo la kawaida la sampuli unalipata duka lolote la vifaa vya hospitali. Nunua kadi, na kipimajoto nunua pembeni.

Mizigo_Kurasini
Samahani wakuu, nilikuwa barabarani. Madereva ni arobaini na kidogo, wengi wanakwenda Lusaka kupitia Tunduma, wachache wanafika Lubumbashi. Atakayepima ni dada wetu wa huduma ya kwanza. Tunapima wote, waliomo na wanaoingia. Paneli 5 ni THC (bangi), COC (kokeni), MOP (mofini), AMP (amfetamini) na MET (methamphetamine). Ile ya 12 inaongeza BZO (dawa za jamii ya valiamu), BAR, MTD, PCP, TCA, MDMA (ekstasi) na OXY. Kuhusu atakayekutwa nacho, bosi anasema huyo anaondoka.

Mama_Maabara
Asante, sasa tunaweza kuongea.

Ile ya 12 imepangwa kwa mahitaji ya Marekani. PCP ni dawa ya mitaa ya kule, kwetu huikuti. OXY ni oksikodoni, vidonge vilivyowasumbua wao. TCA ni dawa za sonona, na kumkamata dereva kwa dawa aliyoandikiwa na daktari sijui kunamsaidia nani. BAR hali kadhalika, fenobabito ni dawa ya kifafa. Kwa hiyo unalipia mistari ambayo haitakuambia kitu, halafu kinachokosekana humo ni TML, yaani tramadol, dawa ya maumivu ambayo watu huitumia kulewa. Wengi wanadhani MOP itaikamata. Haiikamati. MOP inatafuta mofini, na heroini na kodeini hugeuka kuwa mofini mwilini. Tramadol ina mstari wake peke yake. Methadoni pia, ndiyo hiyo MTD. Mtu wa kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, anayetumia dawa yake vizuri MOP yake inakuwa safi.

Angalia kiwango cha mwisho kilichoandikwa kwenye pakiti, yaani kile ambacho dawa ikiwa chini yake kadi haiisomi. MOP nyingi zinakata kwenye nanogramu 300 kwa mililita. Wamarekani kwa wafanyakazi wao walipandisha mpaka 2000 tangu 1998, kwa sababu 300 ilikuwa inawanasa watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi au waliokunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Bangi kawaida ni 50. Muuzaji asiyeweza kukuambia namba hizo, mwache.

Na huyo dada wa huduma ya kwanza mfundisheni jambo hili kabla ya lingine lolote: kwenye kadi hizi mstari ukitokea maana yake mtu hana kitu, usipotokea ndiyo kipimo kimesoma dawa. Ni kinyume cha kipimo cha mimba. Mstari hafifu ni mstari, hata uwe wa kuutafuta kwenye mwanga. Nimeona watu wakisema "huyu mstari wake umefifia, anatumia kidogo". Hakuna kitu kama hicho. Mstari wa C, ule wa kuhakiki kwamba kadi inafanya kazi, usipotokea, kadi hiyo imeharibika, unachukua nyingine. Na unasoma kwenye dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, kwa kawaida dakika 5. Ukienda kunywa chai ukarudi, usisome tena.

Dar_Lusaka
Dada Mama_Maabara nakukubali, lakini BZO usiitoe. Valiamu zinanunuliwa bila cheti na wapo wanaozimeza ili walale mchana, usiku waendeshe.

Mama_Maabara
BZO sijaitoa, soma tena. Hiyo naitaka. Ningekuwa mimi ningeomba kadi ya THC, MOP, BZO, AMP, MET, COC na TML. Viwanda vya China vinapanga mistari unavyotaka ukiagiza kwa wingi.

Kaka_wa_Dereva
Wakuu naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili bado linaniuma.

Mdogo wangu ni dereva wa malori. Alikuwa kwenye dawa za TB, awamu ya pili, ile ya rifampicin na isoniazid. Kohozi lilishakuwa safi na daktari alishamruhusu kurudi kazini. Kampuni moja, siitaji, ikawaita madereva alfajiri yadi, meza ya plastiki getini, kadi zimepangwa juu yake. Anayetumia rifampicin mkojo wake unakuwa wa rangi ya chungwa, unakaribia wekundu, na hospitali wanakuonya mapema usishtuke. Yule mpimaji alipoiona ile rangi akasema mbele ya wote, "Umechanganya nini humu?" Akachovya kadi. Mstari wa MOP haukutokea.

Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Naye hakutaka kutamka TB mbele ya foleni ya wenzake anaolala nao kwenye kabini moja. Akaambiwa arudishe funguo. Jioni ile ile kijiweni ameshaitwa teja, na shemeji yangu anapigiwa simu na ndugu kuulizwa kama kweli mumewe anakula unga. Tukalipia wenyewe mkojo upimwe kwenye maabara yenye mashine kubwa, ya GC-MS, inayotambua dawa yenyewe. Haukuwa na mofini wala kodeini. Kampuni ikajibu kwamba huo si ule mkojo wa siku ile. Na kweli si ule, kwa sababu ule walikuwa wameshaumwaga chooni asubuhi hiyo hiyo. Hapo tukakwama. Huna cha kubishania, kitu chenyewe hakipo.

Leo yuko kwenye daladala. Ni dereva mzuri, miaka yote hajawahi kuangusha mzigo. Mizigo_Kurasini, bosi wako anaposema "anaondoka", mwambie haya.

Tingo_Mstaafu
Pole sana ndugu yangu. Pole kwa shemeji pia.

Mama_Maabara
Pole, Kaka. Na ulichokieleza kinajulikana: rifampicin imeripotiwa kuvidanganya baadhi ya vipimo vya opiati (jamii ya mofini), na antibayotiki za jamii ya ofloxacin na levofloxacin vilevile. Efavirenz, ile ARV ya zamani kabla watu wengi hawajahamishiwa dolutegravir, imeripotiwa kusomesha bangi kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinaweza kusomesha AMP. Ndiyo maana kadi inaitwa kipimo cha awali. Jibu chanya la kadi bado si jibu. Linakwenda kuthibitishwa maabara, na hapa Tanzania Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wana uwezo huo.

Trela_Ohio
Salamu kutoka Marekani, naendesha trela huku. Huku dereva wa lori hapimwi kwa kadi kabisa, kanuni za wizara ya usafirishaji hazikubali. Mkojo unakwenda maabara iliyoidhinishwa. Na unagawanywa mbele yako kwenye chupa mbili, zinafungwa kwa lakiri, unaweka herufi za jina lako. Chupa ya kwanza ikisoma dawa, jibu haliendi kwa bosi. Linakwenda kwanza kwa daktari maalumu, anakupigia simu wewe, anakuuliza una cheti cha dawa gani. Mkishindwana una saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine. Huyo mdogo wake Kaka angekuwa huku, ile chupa ya pili ingemwokoa.

Dar_Lusaka
Huko ni huko mkuu. Hapa ukimwambia bosi chupa mbili, lakiri na daktari wa kupiga simu, anaacha kupima kabisa, halafu tunarudi kugongana kwenye mteremko wa Kitonga.

Trela_Ohio
Chupa ya pili ni plastiki na friji tu. Hilo nalo ni gharama ya kushinda lori?

Wakili_Mtaani
Naongezea la sheria. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ya kuachisha ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Ukifika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na kadi iliyofifia ambayo mkojo wake ulishamwagwa, jiandae kulipa. Kuwe na sera iliyoandikwa, madereva waisome kabla, na mtu asikilizwe. Pili, majibu haya ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kupima getini mbele ya foleni hapana. Na hilo la kumwambia dereva ataje dawa zake kwa dada wa huduma ya kwanza nalo hapana, mtajikuta mnajua nani ana VVU na nani ana TB. Azitaje kwa daktari, na hapo tu kadi ikiwa imesoma kitu.

Mpwani_Msa
Jameni, mbona hakuna aliyetaja miraa? Dereva wa masafa marefu tatizo lake si heroini, ni kutafuna usiku kucha halafu akazimika mchana kwenye usukani. Hakuna hata moja ya hizo kadi yenye mstari wake.

Dar_Lusaka
Mpwani, kwenu miraa ni zao la biashara, kwetu mirungi ni kosa la jinai. Usituchanganyie.

Mpwani_Msa
Sheria ni zenu, usingizi ni wa watu wote. Wewe unafikiri dereva anatafuna kwa raha zake? Anapewa saa ambazo mwili hauwezi. Mpunguzieni safari muone kama atatafuna.

Tingo_Mstaafu
Hapo Mpwani kasema kweli kabisa. Sisi tulikuwa tunakaa foleni ya mpaka wa Kasumbalesa mpaka miguu inavimba, halafu mwenye gari anapiga simu anauliza kwa nini hujarudi Dar. Hakuna kadi inayopima hilo.

Dar_Lusaka
Basi tusipime? Desemba 2023 DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, walitangaza zaidi ya tani 3 za heroini na methamphetamine zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa. Iringa ndiyo barabara yetu hiyo. Mzigo kama huo ukipita njiani lazima kuna wanaouonja.

Mpwani_Msa
Sijasema msipime. Nasema mkipima jueni mnapima nini. Bangi ya mtu anayevuta mara kwa mara inaweza kukaa kwenye mkojo wiki tatu, nne, mwezi. Aliyevuta kwenye likizo yake utamfukuza sawa na aliyevuta getini. Kama mnataka kujua nani hafai kuendesha leo, pimeni mate. Dirisha lake ni fupi, siku moja au mbili, na mtu anatoa mbele yako bila kumfuata chooni.

Mama_Maabara
Mate nayapenda kwa sababu hiyo hiyo, ila vifaa vyake kwa bangi bado vinakosa wengi, na ni ghali. Pombe nayo msiisahau, ni kifaa cha kupulizia, na kwa ajali za barabarani ningeanza na hicho kabla ya kadi yoyote.

Mizigo_Kurasini
Wakuu nimesoma yote. Nimempelekea bosi hadithi ya Kaka, amenyamaza kwanza, hajasema ndiyo wala hapana. Oda ya Ijumaa imesimama. Muuzaji amepiga tena, anasema paneli 12 anaweza kunipa kwa bei ya 5 kama nachukua zote alizonazo. Nimchukulie? Stoo yetu ni kontena lile la futi 20 pale yadi.

Mama_Maabara
Kabla hujalipa, fungua boksi moja. Tazama tarehe ya kuisha muda, maana bei ikishuka hivyo mara nyingi sababu ndiyo hiyo. Tazama kama kila kadi iko kwenye pakiti yake ya foili yenye kile kifuko cha kunyonya unyevu. Muulize usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na kontena hapana. Kadi hizi zinataka nyuzi 2 mpaka 30, na kontena la bati likiwa juani hapo Kurasini saa nane mchana mnajua wenyewe ndani kukoje. Weka kabati ofisini.

Tingo_Mstaafu
Mizigo, bado nasema kikombe.

Wakili_Mtaani
Sera mmeshaandika?

Mizigo_Kurasini
Bado wakili. Nakufuata inbox.