Desemba Rusinga: gumzo la kikundi cha familia

Wakesho: Hamjambo nyote. Shikamoo Mama. Desemba inabisha hodi na bado hatujakubaliana tutalala wapi tukienda kwa wazazi wa wifi Atieno kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria. Nimeona hoteli hapo Mbita mjini, karibu na stendi na soko. Nishike vyumba?

Mama: Marahaba mwanangu. Bei?

Atieno: Wifi, ngoja kwanza. Mbita ni bara. Ukilala Mbita, Rusinga utaiona dirishani tu. Nimepata nyumba ya kupangisha kwa siku kule kisiwani kwenyewe, upande unaotazama kisiwa cha Mfangano. Vyumba vinne, jiko, baraza kubwa. Picha hizo hapo juu.

Mwambi: Shemeji, samahani kuuliza. Kwani tusilale nyumbani kwenu moja kwa moja?

Atieno: Hakuna ubaya kuuliza. Kwetu wakwe hawalali boma la wakwe. Mama atapokelewa, atakula, atakaa na wazazi wangu mpaka jua liinamie, kisha atarudi anakolala. Nikiwaambia baba na mama kwamba ana nyumba yake hapo karibu, watatulia kabisa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mama: Hilo nimelielewa. Basi mimi niko upande wako, Mama Pendo, tulale kisiwani. Ila magoti haya hayapandi mashua.

Atieno: Mama, hupandi kitu. Gari linakufikisha mlangoni. Miaka ya 1980 walijaza mawe na udongo kati ya Mbita na Rusinga, magari yakapita juu. Lakini maji yalizibwa, magugu yakajaa upande mmoja, na mashua zikawa lazima zizunguke kisiwa kizima. Siku hizi tuta limefunguliwa na pana daraja, maji yanapita chini yake.

Mwakio: Njia nimeshaipanga. Treni kutoka Mombasa mpaka Nairobi, tulale kwa Mwambi, asubuhi tuchukue matatu ya kukodi: Narok, Kisii, Homa Bay, Mbita. Usiku sitaki, madereva husinzia.

Lenjo: Mjomba, na feri ya Luanda Kotieno?

Mwakio: Wakati wa kurudi. Inabeba magari pia, tutavuka nayo halafu tupitie Kisumu. Kwa Mama tutaangalia ngazi kwanza. Akiona hawezi, tunarudi njia tuliyojia.

Lenjo: 🙌🙌 Na tutaogelea kila siku!

Atieno: Lenjo mwanangu, hapo nisikilize vizuri. Ziwa si bahari. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wadogo wanaobeba kichocho. Mdudu wake haonekani kwa macho na anaingia kwenye ngozi nzima, hahitaji kidonda. Mimi nilikulia pale na nimemeza dawa ya kichocho shuleni. Hakuna kuogelea ufukweni. Maji ya kuoga yatatoka kwenye tangi. Mkigusa ziwa kwa bahati mbaya, jikausheni upesi, na tukirudi Mombasa twendeni tukapimwe baada ya wiki kadhaa, maana ukipima mapema mno huenda kisionekane.

Wakesho: Umesikia Lenjo? Mimi nimesikia kwa niaba yako.

Atieno: Na jua likizama, hakuna mtoto kwenda majini hata kama kuna mwezi. Viboko hutoka kula majani usiku. Naomba hili lisiwe la kubishaniwa.

Mama: Halibishaniwi.

Mwambi: Mbu je?

Atieno: Wapo, na malaria ipo. Rusinga ndipo watafiti waliweka mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, nyumba kwa nyumba, kuanzia 2013. Mtego una harufu inayomvuta mbu kama ya binadamu, na sola hiyohiyo ikawasha taa ndani ya nyumba. Malaria ilipungua kama asilimia 30 kwenye nyumba zilizowekewa. Ilipungua, haikuisha. Kwa hiyo kila kitanda kiwe na chandarua, na watoto wavae mikono mirefu jioni.

Wakesho: Sawa wifi. Sasa watoto watafanya nini siku zote hizo kama hawaogelei?

Atieno: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Lenjo, kila siku unapita barabara ya Tom Mboya hapo Tudor ukienda shule. Kaburi lake liko Rusinga, na jengo lililo juu yake limeundwa kwa umbo la risasi. Alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, akitoka duka la dawa. Alikuwa waziri wa mipango ya uchumi na hakuwa ametimiza miaka 39. Kabla ya uhuru, kuanzia 1959, alihangaika kutafuta nafasi za vyuo na nauli za ndege ili vijana wa huku wakasome Marekani. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960. Nataka watoto wetu wasimame pale, wasome, waulize maswali. Kwenye kitabu cha shule anapewa aya moja, na mimi kila nikiiona naumia.

Mwakio: Mke wangu, hiyo iwe siku ya kwanza. Asubuhi, kabla ya jua kali.

Mama: Mimi siku ile nilikuwa msichana. Redio ilitangaza na baba yangu akatoka nje bila kusema neno. Nitakwenda hapo kwa miguu yangu hii hii.

Lenjo: Bibi hukuwahi kutuambia 😳

Mama: Hukuwahi kuuliza. Nitakuambia kwenye treni.

Atieno: Kuna jambo jingine. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la Proconsul, aina ya sokwe wa kale aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Wataalamu bado wanachimba kwenye vilima vile. Mtoto akiona mfupa uliogeuka jiwe, autazame na kuupiga picha, auache hapohapo. Sheria inalinda vitu hivyo, na kikiondolewa mahali pake hakimwelezi mtaalamu chochote tena.

Mwambi: Na Mfangano shemeji? Nimesikia kuna michoro ya mapangoni.

Atieno: Ipo, Kwitone na Mawanga, duara nyekundu na nyeupe juu ya mwamba, na wazee huihusisha na kuomba mvua. Hapo inabidi mashua. Tutaondoka alfajiri, maana mchana upepo unaamka na mawimbi yanapanda. Kila mtu jaketi ya kuokolea maisha, imefungwa vifungo vyote. Nahodha akisema hana za watoto, tunashuka. Mama atabaki na mama yangu wakaange samaki.

Mama: Sangara au ngege?

Atieno: Ngege, Mama. Wa asubuhi ile ile.

Wakesho: Tarehe sasa. Tuanze wiki ya Krismasi?

Atieno: Mnaonaje tuangalie mwezi kwanza. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hufanya kazi usiku wa giza, taa zao zinavuta samaki. Mwezi ukiwa mkubwa wengi hupumzika. Nataka mzione zile taa kutoka barazani, ziwa lote linakuwa mji. Tukichagua siku za mwezi mwembamba, tutaziona.

Lenjo: Naangalia kalenda sasa hivi.

Mwakio: Kuhusu nyumba, mwenyewe anataka malipo yote kabla. Mimi nimemwambia nusu sasa, nusu tukipewa funguo. Na hiyo nusu haitoki kabla mtu wetu hajaiona nyumba.

Atieno: Ndugu yangu amekwenda leo na bodaboda. Ujumbe wake huu hapa: "Nyumba ipo kama kwenye picha. Nimefungua bomba, maji yalitoka na kutu kidogo, baadaye yakawa safi. Tangi lina kifuniko. Gesi ipo. Vyandarua viwili vimechanika upande wa miguu. Ngazi za barazani ni tano na hazina pa kushika."

Wakesho: Hizo ngazi zinanitia wasiwasi kwa Mama.

Atieno: Nimeshamwambia mwenye nyumba. Amekubali kufunga mbao ya kushika na kubadilisha vyandarua. Ndugu yangu atarudi Jumamosi kuhakikisha, atume picha.

Mwambi: Huyo ndugu yako tumlipie mafuta. Asifanye bure.

Mwakio: Nimemtumia tayari.

Lenjo: Mwezi unakuwa mwembamba wiki ileile shule zikiwa zimefungwa!! Nimeweka picha ya kalenda.

Wakesho: Basi ndiyo hiyo wiki. Pesa zitumwe kwangu, kila nyumba sehemu yake, na nitaandika hapa nani ametuma. Wanafunzi hawachangi.

Mama: Yangu imeingia?

Wakesho: Imeingia Mama, wewe wa kwanza. Lakini hukutakiwa kutoa.

Mama: Natoa. Na Mama Pendo, muulize mama yako anapenda kanga za rangi gani. Nataka kuzinunua mapema, soko la Marikiti Desemba halikanyagiki.

Atieno: Kijani, Mama. Asante sana.