Naomba ushauri: neno "get" limewashinda wanafunzi wangu Wachina

Ndugu walimu na wapenzi wa lugha, salaam.

Nafundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima sita hapa Guangzhou, na nimekwama kwenye neno dogo "get". Kamusi huwapa kwanza "dédào", yaani kupata, nao wakashika hapo hapo. Lakini wakikutana na "get home" au "get angry" hubaki wakinitazama, kwa kuwa kwao kufika ni "dào", kuelewa ni "dǒng", na kukasirika ni "shēngqì", kila jambo na kitenzi chake. Juzi mmoja alifasiri "I don't get you" kuwa hakunipokea. (Sisi tunaouliza "umenipata?" hatukuhangaika sana hapo.)

Nimewaandikia ubaoni maana kumi na mbili. Wakazikariri, na wiki iliyofuata hakuna aliyethubutu kulitumia neno lenyewe, wote wakakimbilia "receive", "arrive" na "become".

Je, nianze na maana moja ya msingi, kama vile kuifikia hali au mahali, kisha nitanue, au nifundishe kila kifungu kizima pamoja na kitenzi chake cha Kichina? Na je, huko kulikwepa nikusahihishe au nikuache kwanza?

Natanguliza shukrani.