Nyama ya supamaketi au ya bucha la mtaani: mnaitambuaje iliyo nzuri?

MamaWawili_Kimara

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua nyama kwelikweli.

Tunaishi Kimara, na mama mkwe tuko naye, meno yake hayana nguvu tena. Muda mrefu sasa nanunua nyama supamaketi kwa sababu mume wangu hana imani na bucha za mtaani. Anasema kule ni nzi, vumbi la barabarani, na nyama inaning'inia dirishani tangu alfajiri. Supamaketi kuna friji, kuna kioo, kuna tarehe.

Wiki iliyopita nimechukua nyama ya kusaga, ile inayokaa kwenye kisahani cheupe na nailoni juu. Kwa juu nyekundu, inapendeza. Nafika nyumbani naifungua, katikati ni kahawia inayokaribia kijivu. Harufu sikuisikia, lakini niliogopa nikaitupa yote. Na ile ya vipande ukiibandika inamwaga maji mpaka inachemka badala ya kukaangika. Ya bucha haimwagi maji hivyo, ila ni ngumu. Inamaliza mkaa na mama bado anaitema.

Je, ile ya kahawia walichanganya na nyama ya zamani? Nikihamia bucha nitajuaje bucha lipi ni zuri? Na ni kweli kwamba nyama isiyotuliwa na nzi imewekwa dawa ya maiti? Hili la mwisho majirani zangu wanaliapia.

FundiKisu

Dada yangu, nimekata nyama Buguruni tangu ujana wangu, baadaye nikaajiriwa kwenye kitengo cha nyama cha supamaketi. Pande zote mbili nimezishika kwa mikono. Jibu langu ni refu, nivumilie.

Tuanze na ile ya kahawia. Rangi ya nyama inatokana na protini inayoitwa mayoglobini. Ikipata hewa ya kutosha inakuwa nyekundu ya kung'aa. Ikikosa hewa kabisa inakuwa ya zambarau, ndiyo maana nyama iliyofungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa inaonekana kama imevilia damu. Hewa ikiwa kidogo, inageuka kahawia. Kisahani chako juu kilipata hewa kupitia nailoni, katikati ilifika kidogo tu. Kwa hiyo kahawia ya ndani peke yake haithibitishi kwamba ulichanganyiwa. Wasiwasi uanze pale unaposikia uchachu puani, au vidole vinateleza, au kahawia imeshafika mpaka juu.

Lakini wanaochanganya wapo, na wapo pande zote mbili. Mashine ya kusagia ndiko vinakopelekwa vipande vilivyobaki jana, mafuta yasiyouzika na mishipa. Mimi nyama iliyokwisha kusagwa sinunui popote. Nachagua pande zima, naliangalia, ndipo nasema nisagie hili mbele yangu. Supamaketi yenye mtu kaunta atakusagia, na bucha lenye mashine vilevile. Akikataa au akianza visingizio, ondoka.

Yale maji kwenye sufuria mara nyingi yanakwambia nyama iligandishwa halafu ikayeyushwa. Maji yaliyo ndani ya nyama yakiganda polepole yanafanya vipande vya barafu vinavyochana nyuzi zake, na ikiyeyuka haiwezi tena kuyashika. Kugandisha si kosa, lakini uuziwe kama nyama ya friza na bei yake iwe ya friza. Inamisha kisahani kabla ya kukiweka kwenye kikapu. Kama maji mekundu yanakimbilia pembeni, au kile kikaratasi cha chini kimevimba kwa kulowa, kirudishe. Kwenye friza papasa mfuko. Ukikuta chengachenga nyingi za barafu ndani, au vipande vimeshikana kuwa bonge moja lenye umbo la mfuko, basi huenda umeme ulikatika, ikalegea, ikaganda tena. Kwa Dar hii hilo ni jambo la kuliangalia kila mara. Muulize mhudumu kama jenereta inaendesha na majokofu au taa na kompyuta tu. Utashangaa majibu.

Sasa bucha. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar wanatoka Kanda ya Ziwa na mikoa ya kati, wanapita mnada wa Pugu, wanachinjwa usiku Vingunguti na machinjio mengine, na alfajiri nyama iko buchani. Saa 12 asubuhi ukiweka kiganja juu ya paja lililotundikwa utakuta ndani yake bado kuna uvuguvugu. Watu wanaipenda hiyo, wanaiita freshi, na ni kweli haijalala. Ila hapo ndipo ugumu unapotokea. Misuli ikishakufa inakakamaa, na kwa ng'ombe kukakamaa huko kunachukua zaidi ya siku moja kuachia. Ukiipika asubuhi ileile unapika msuli uliokaza. Ikikaa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4, vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinaanza kuilegeza vyenyewe. Mahoteli wanalijua hili. Wanaitundika kwenye chumba cha baridi siku kadhaa kabla ya kuikata steki.

Halafu tazama huyo ng'ombe mwenyewe. Ni zebu wetu mwenye nundu, mara nyingi ameuzwa akiwa mzee, na amesimama kwenye lori kutoka mbali. Mnyama aliyechoka hivyo akichinjwa kabla ya kupumzika, akiba ya sukari kwenye misuli imeshaisha. Nyama inatoka nyeusi, kavu, inanatanata, na inawahi kuharibika hata kama ni ya leo. Ukiona pande limekolea weusi kuliko wenzake waliotundikwa nalo, usilichukue hata ukipunguziwa bei.

Kwa huyo mama, nunua asubuhi na mapema, usiikoshe, ifute kwa kitambaa safi, iweke kwenye bakuli lenye mfuniko, chini kabisa ya friji kunakopoa zaidi. Iache siku mbili ndipo uipike. Hii ni kwa nyama iliyotoka moja kwa moja asubuhi. Ile iliyoning'inia hadi alasiri kwenye joto la Dar usiilaze, ipike siku hiyohiyo au uiache hukohuko. Na usihangaike na sarara, utalipa bei kubwa bure. Mchukulie kidari au muundi, moto mdogo, mfuniko umebana, na muda. Kano zake zinayeyuka zinakuwa ute mzito, nyama inaachia mfupa yenyewe. Papai bichi linasaidia kwa vipande vya kukaanga, ila lipake kidogo tu na usilisahau humo, maana ukizidisha nyama inavurugika kwa nje na ndani inabaki ngumu.

Kuchagua bucha: kwangu la kwanza ni mauzo. Bucha linalomaliza nyama kabla ya saa 6 mchana nalipenda kuliko lenye marumaru nzuri na nyama iko palepale jioni. Kisha angalia gogo la kukatia nyama kama bado wanalo. Sogea karibu ulitazame uso wake. Utaona mipasuko ya shoka, na ndani ya mipasuko kuna mafuta meusi yaliyoganda ya wiki nzima, hayatoki hata wakwangue. Linuse. Kila pande linalokatwa leo linalala juu ya hayo. Bodi ya Nyama imekuwa ikiwataka wenye bucha waachane na gogo na shoka watumie msumeno, na mimi niliyeshika shoka miaka yote hiyo nasema wana haki. Shoka linavunja mfupa na kuacha chenga kwenye nyama, msumeno unakata.

Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Anayepokea pesa asiwe yuleyule anayeshika nyama, au basi anawe. Bonyeza nyama kwa kidole, ikiwa nzuri shimo linarudi. Mafuta ya manjano yasikutishe, mara nyingi ni ng'ombe wa majani. Mafuta ya kijivu yanayoteleza, hapana.

Swali la dawa namwachia daktari wa mifugo kama yupo humu.

MkaguziDodoma

Nipo. Mimi ni mkaguzi wa nyama, na nakubaliana na Fundi karibu kwa yote. Nitaongeza mawili.

Nzi kwanza. Formalini, hiyo mnayoita dawa ya maiti, inakausha na kukaza nyama, inaitoa rangi yake, na harufu yake inachoma pua na macho. Mtu hahitaji nzi wa kumwambia. Nzi wanaweza kukosekana kwa sababu kuna feni, kuna baridi, au mwenye bucha amepuliza dawa ya wadudu, na hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua mimi. Na nzi wakiwepo usiseme nyama ni salama. Wanatua chooni kisha wanatua kwenye nyama. Naomba sana hili la kupima nyama kwa nzi tuliache, mama zetu wanalishwa uchafu kwa imani hiyo.

La pili ni muhuri. Ng'ombe anakaguliwa akiwa hai, kisha baada ya kuchinjwa tunakata misuli ya shavu, tunaangalia ulimi na moyo kutafuta vilengelenge vya minyoo ya tegu, vyeupe, vikubwa vyake vinafikia punje ya mbaazi. Tunapasua ini kutafuta minyoo ya ini, tunaangalia mapafu na tezi kwa ajili ya kifua kikuu. Ikipita ndipo inagongwa muhuri wa wino. Wino huo unaliwa, usiogope. Nyama isiyo na muhuri popote maana yake aliyekuuzia ndiye mkaguzi wako. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipotuingia, waliopata shida ni pamoja na watu waliochinja na kushika wanyama wagonjwa majumbani. Kwa hiyo huyo jirani anayechinja uani na kuuza kwa bei poa, tafadhali mpite. Kimeta nacho hakitazami kama mnajuana.

Jirani_Kiamaiko

Salamu kutoka Nairobi. Sisi hapa Julai 2019 televisheni ilitoa uchunguzi kuhusu supamaketi zinazotia nyama sodiamu metabisalfaiti ibaki nyekundu na isinuke. Hiyo ni kemikali inayokubaliwa kwa vyakula kadhaa, kama matunda makavu na mvinyo, lakini si ya kurudishia nyama mbichi rangi, na wenye pumu inaweza kuwabana vibaya. Baada ya hapo watu wengi mtaani kwetu walirudi kwa bucha, na wengine wakaanza kwenda soko la nyama la Burma hapa Nairobi kujinunulia wenyewe.

Mimi nilitoka na kanuni moja. Nyama ina haki ya kubadilika. Ukiinunua leo nyekundu, ukaiweka kwa friji, kesho kutwa iwe imefifia kidogo. Ikibaki inang'aa vilevile siku nenda siku rudi, hiyo siipikii watoto. Na mbuzi mimi nanunua huku kwetu Kiamaiko asubuhi, naona akining'inizwa, naona mhuri.

MamaWawili_Kimara

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote na ametulia. Bado mawili. Kaka Fundi, friza yetu ni ndogo na umeme unakatika, niigandishe vipi? Na daktari, mama anapenda ini lisiive sana, anasema likiiva linakuwa gumu. Nimruhusu?

MkaguziDodoma

Ini limpikie mpaka katikati lisiwe na wekundu. Ulikate jembamba, bapa kabisa, kikaangio kiwe cha moto, dakika chache kila upande linaiva na bado ni laini. Linalokuwa gumu ni lile lililokatwa nene likaachwa jikoni muda mrefu. Ukilinunua, mwambie alipasue mbele yako. Mirija ya ndani ikiwa imekakamaa, inakwaruza kisu, rudisha. Nyama ya kusaga nayo iive mpaka ndani bila ubishi, kwa sababu vijidudu vinavyokaa juu ya pande vikisagwa vinaingia katikati, na hapo kuchoma nje tu hakufiki vilipo.

FundiKisu

Friza ndogo ndiyo nzuri, ukiijaza inashika baridi muda mrefu umeme ukikatika, mradi usiifungue fungue. Gawanya nyama kwa mapishi, kila mfuko uwe wa sufuria moja. Itandaze bapa unene wa vidole viwili, toa hewa, andika tarehe. Bapa linaganda haraka, na likiganda haraka barafu yake ni ndogo, yale maji yatapungua. Siku ya kupika itoe usiku uliotangulia, iweke chini ya friji kwenye bakuli. Usiiache juu ya meza mchana kutwa wala usiiloweke kwenye maji ya moto. Umeme ukirudi, ukakuta bado ina barafu ndani na imepoa kama ya kwenye friji, iache iendelee. Ukikuta imelegea kabisa lakini bado ni ya baridi, ipike siku hiyo na uigandishe ikiwa mchuzi.

Na kwa Kimara huna haja ya kuja mpaka Vingunguti. Pita bucha za karibu asubuhi saa 12 na nusu, siku tofauti, uone gari gani linashusha nyama. Likiwa limefunikwa na wabebaji wana makoti safi, hapo unaweza kuanza kununua nusu kilo ya kujaribia.